Picha za ndani zenye ukungu: kabla hujalaumu kamera, tazama jicho

Msimu wa harusi ukianza, na hasa mfungo mosi Idd ikishapita, wasichana wanaojifunza kupiga picha hunijia na kamera zao shingoni na swali moja. Mbona picha nilizopiga nje, pale Mama Ngina jioni, zimetoka safi, lakini nikiingia ndani ya nyumba uso wa mtu unakuwa na ukungu? Wengi huwa washaamua jibu kabla ya kuuliza: kamera yangu ni ya bei rahisi, nikipata pesa nitanunua nyingine. Mimi huwaambia wakae kwanza, tuitazame hiyo picha pamoja.

Jambo hili si dogo kwetu. Kupamba ni shughuli ya wanawake, na mpiga picha wa kiume haingii. Kazi hiyo imewafungulia mlango mabinti zetu, na wapo wanaolipia karo ya wadogo zao kwa kamera. Lakini bi harusi hapambwi mara mbili. Hina hufifia, maua ya asumini hunyauka usiku ule ule, na vito vya kuazima hurudi kwa wenyewe asubuhi. Picha ikiharibika hakuna kurudia, na kina mama wa mtaa hawasahau. Tena si harusi peke yake. Kuna bibi zetu ambao hawatoki nje tena, na kama watapigwa picha basi ni hapo hapo chumbani walipoketi.

Sasa tuitazame picha. Usiitazame kwenye kioo kidogo cha kamera ikiwa nzima, kwa sababu hapo kila picha huonekana nzuri. Ikuze mpaka jicho lijaze kioo, kisha jiulize ni ukungu wa aina gani, maana ukungu una sababu mbalimbali na kila sababu ina dawa yake. Ukiona kila kitu kimevutika upande mmoja, uso, ukuta, pazia na mto wa kiti, basi mkono wako ndio uliotikisika. Ukiona mto uko wazi kabisa na uso peke yake ndio umefifia, mtu alisogea, pengine alicheka au aligeuka kumjibu shangazi yake. Ukiona sikio au nakshi ya kofia iko wazi mpaka uzi unahesabika, lakini jicho limelainika, kamera ilikaza fokasi mahali pasipo. Na ukiona picha yote ina weupe kama maziwa na taa zimetoa miale, tazama kioo cha lenzi kabla ya kitu chochote.

Nianze na hilo la mwisho, kwani halina gharama. Lenzi huguswa na vidole vyenye mafuta, na pwani yetu hewa ina chumvi na unyevu. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, au kwenye gari lililopozwa, ukaingia moja kwa moja kwenye nyumba yenye watu wengi na joto, kioo kitafanya umande papo hapo. Usiufute ukadhani umemaliza, utarudi. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika ishirini au thelathini mpaka ipate joto la mahali, ndipo uitoe. Kisha kuna udi. Chumba cha bi harusi hufukizwa, na moshi ukitanda kati yako na uso wake hakuna kamera itakayoupenya vizuri. Mwombe somo wake kwa adabu chetezo kiwekwe kando kidogo mpaka umalize.

Mkono kutikisika na mtu kusogea ni ndugu wawili, na mzazi wao ni mmoja: mwanga kuwa kidogo. Jicho letu hutudanganya. Ukiingia ndani kutoka juani unaona chumba kina mwanga wa kutosha baada ya dakika chache, lakini kamera haizoei kama jicho. Ili ikusanye mwanga wa kutosha, huacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo chochote kinachosogea huacha alama yake. Kamera iliyoachwa ijiamulie yenyewe mara nyingi hushuka ndani ya nyumba mpaka spidi ya 1/30 ya sekunde au chini yake. Hiyo haimtoshi binadamu anayepumua na kuzungumza.

Hesabu ninayowapa wanaoanza ni hii. Kwa mtu mzima aliyeketi ametulia, usishuke chini ya 1/125. Anayezungumza na kucheka, 1/200. Mtoto, 1/250 au zaidi, na umwombe Mungu. Ile kinga ya mtikisiko iliyomo kwenye baadhi ya lenzi husaidia mkono wako tu, haimzuii mtu wa mbele yako kugeuka. Wengi huinunua wakidhani imemaliza mambo yote mawili.

Ukipandisha spidi picha itakuwa giza, kwa hiyo lazima mwanga utoke mahali pengine. Njia ya kwanza ni ISO. Kama kamera ilikupa 1/30 kwa ISO 800, ukitaka 1/125 weka ISO 3200 na picha itabaki na mwangaza ule ule, kwa sababu kila ukizidisha ISO mara mbili unaweza kuzidisha spidi mara mbili. Hapa ndipo ninapobishana na vijana. Wameambiwa ISO kubwa inaleta chembechembe, basi wanaiogopa kama moto, wanabaki kwenye 400 na kurudi nyumbani na picha mia mbili za ukungu. Chembechembe zitaonekana ukiikuza picha sana, na ikichapishwa kwenye karatasi ya albamu hupungua. Uso uliovutika haurudi, hata uupeleke kwa fundi gani wa kompyuta. Baina ya chembechembe na ukungu mimi huchagua chembechembe kila siku.

Njia ya pili ni tundu la lenzi. Lenzi nyingi zinazokuja na kamera ya kuanzia, zile za 18-55, ukizivuta mpaka mwisho hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo ni katika zile za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo. Ndiyo maana huwaambia wakipata pesa wanunue lenzi kabla ya kufikiria kamera mpya. Ila ina masharti yake, na nitayafikia.

Njia ya tatu ni kumsogeza mtu, nayo ndiyo bora kuliko zote. Wajenzi wetu wa zamani, Mji wa Kale na Lamu, walijenga kwa ajili ya kukimbia jua: kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha machache, na vyumba vyembamba virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ni nyumba za baridi nzuri na mwanga mchache. Usimpige mtu kule ndani kwenye zidaka kwa kuwa panapendeza. Mlete karibu na mlango unaotazama kiwanda, au ubavuni mwa dirisha, mwanga umpige upande mmoja wa uso na wewe usimame ukiufuata urefu wa chumba upate nafasi ya kurudi nyuma. Hatua mbili tatu kuelekea dirishani zinaweza kukupa zaidi ya unachopata kwa kubadilisha kamera. Usimweke dirisha likiwa nyuma yake, maana uso utakuwa kivuli na fokasi itahangaika.

Usiku hakuna dirisha, kuna taa. Stima yetu ni ya mawimbi 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila sisi kuona. Ukiona picha ina michirizi ya giza na mwanga kama kanga ya mistari, tatizo ni hilo. Jaribu 1/100 na mara nyingi michirizi hutoweka. Ni chini kidogo ya ile 1/125 niliyosema, basi mwambie mtu atulie. Ukiwa na flashi ya juu ya kamera, ielekeze kwenye dari au ukuta mweupe, mwanga urudi laini. Mmweko wa flashi ni mfupi mno hata humgandisha mtu anayesogea. Kwenye dari ya boriti nyeusi, au ukumbi wenye paa la mbali, huo mwanga hautarudi, kwa hivyo tafuta ukuta wa karibu.

Tuje kwenye fokasi yenyewe. Kamera haijui kwamba jicho ndilo muhimu. Ukiiachia ichague, mara nyingi hushika kilicho karibu zaidi au chenye michoro mingi: mkono wenye hina ulioinuliwa, shada la maua, pulaki za mtandio. Kwa hivyo izuie. Ingia kwenye mipangilio, chagua nukta moja tu ya fokasi, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu, subiri ishara, ndipo umalizie. Kamera mpya zina uwezo wa kulitafuta jicho zenyewe, na hufanya kazi vizuri, lakini mtu akivaa nikabu au akiinama mara nyingine hupotea, basi ujue njia ya mkono pia. Mtu aliyetulia, tumia fokasi inayofunga mara moja, ile iliyoandikwa AF-S au One Shot. Kwa mtoto anayetambaa tumia ile inayomfuata.

Fokasi hutafuta tofauti ya giza na mwanga. Ukiielekeza kwenye buibui jeusi au kanzu nyeupe isiyo na alama, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepotea njia. Ielekeze kwenye ukingo wa kope, mahali wanja unapokutana na weupe wa jicho. Wanja unasaidia sana, kwa kweli. Chumba kikiwa giza mno, mwambie mwenyewe kwanza, kisha mwenzako amulike uso kwa tochi ya simu kwa sekunde moja, fokasi ishike, tochi izimwe, upige.

Yale masharti ya lenzi ya f/1.8 sasa. Kadiri tundu linavyofunguka ndivyo eneo lililo wazi linavyokuwa jembamba. Kwenye kamera nyingi za kuanzia, lenzi ya 50 ikiwa f/1.8 na wewe uko mita moja kutoka kwa mtu, eneo hilo ni kama sentimita tatu tu. Pumzi moja inatosha kukutoa. Umefunga fokasi kwenye jicho, ukainama mbele kidogo ukitafuta pozi, na sasa kilicho wazi ni sikio. Rudi nyuma mpaka mita moja na nusu, funga tundu mpaka f/2.8 au f/4, na utapata sentimita kumi au zaidi, zinazotosha uso kuanzia pua mpaka sikio. Bi harusi akiketi na mama yake, wapange nyuso zao ziwe umbali mmoja kutoka kwako, kisha f/4 au f/5.6. Na kwenye vile vyumba vyembamba lenzi ya 35 ni rahisi kuliko 50, hutalazimika kuegemea ukuta.

Simama miguu ikiwa imepanuka, viwiko vibane mbavuni, egemea mwimo wa mlango kama upo. Piga tatu mfululizo, kwa kuwa ya pili na ya tatu aghalabu hutulia kuliko ya kwanza.

Kwa wenye simu, na hao ndio wengi, futa kioo kwa kitambaa kisafi, gusa uso kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, usivute kwa vidole, songea kwa miguu. Ile hali ya usiku hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, basi inafaa kwa bibi aliyetulia kwenye kiti, haifai kwa kina dada wanaocheza. Ile ya kufifisha mandhari huwa inakula kingo za ushungi na nywele, na watu wakadhani ni ukungu. Filta za kulainisha ngozi sizitaki kabisa kwenye picha ya kazi. Zinafuta kope na mikunjo uliyohangaika kuikaza.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ya kamera hata kidogo. Picha ilikuwa safi, ukaituma WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa, mteja akaipokea imelainika na kukupigia simu kwa hasira. Itume kama faili, au mpe kwenye kadi. Kwa picha za kupamba, mkononi ni bora zaidi, zisije zikazunguka mitandaoni bila ridhaa ya mwenyewe.

Siku moja kabla ya shughuli, nenda kwenye nyumba yenyewe saa ile ile mtakayopiga, mweke dada yako mahali pa bi harusi, piga picha kumi kwa mipangilio tofauti, kuza jicho kwenye kila moja, na uandike namba za ile iliyotoka vizuri kwenye karatasi utakayoitia mkobani.