Flash Player imekufa, usumbufu wake ungalipo

Ukurasa ukikwambia "Sasisha Flash Player", usibonyeze. Programu hiyo haipo tena. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba wataifunga, wakaacha kuihudumia tarehe 31 Disemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuiwa isichezeshe chochote. Anayekutaka uisasishe leo huenda anakuletea kirusi. Nasema hivi kwa sababu bado naulizwa.

Flash ilikuwa programu jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kifanye kazi kisichoiweza chenyewe. Ilizaliwa 1996 kwa jina la FutureSplash Animator, ikanunuliwa na Macromedia, nao Macromedia wakanunuliwa na Adobe 2005. Haki isemwe: ilitufaa. YouTube ilipoanza 2005, video zake zilichezeshwa kwa Flash.

Lakini sisi tuliokuwa tukilipa kwa dakika kwenye saiba za Mombasa, kabla nyaya za baharini hazijatufikia 2009, tulikiona. Wewe wataka nambari ya simu ya ofisi tu. Kwanza nembo izunguke, muziki upige, herufi ziruke moja moja, na kitufe cha kupita kimefichwa pembeni kama deni. Maandishi yaliyofungiwa humo mara nyingi hayakunakilika, na asiyeona, anayesomewa na kompyuta, aghalabu hakuambulia kitu.

Simu ndizo zilizoiangusha. iPhone ya 2007 haikuikubali, na Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua ya wazi kueleza sababu: inamaliza betri, usalama wake dhaifu, na iko mikononi mwa kampuni moja. Hilo la mwisho ndilo zito kwangu. HTML5 ikaleta video ndani ya kivinjari chenyewe, na Januari 2015 YouTube wakahamia huko.

Waliochelewa kuhama waliumbuka. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini ilikuwa bado na fomu za Flash ilipozimwa, na Januari 2021 ikalazimika kutoa kivinjari chake maalum ili zifunguke. Fomu ya umma, kwa maoni yangu, lazima ifunguke kwenye simu ya kawaida bila kupachikwa chochote. Mwananchi hana kosa hapo.

Matangazo yanayorukaruka, hata hivyo, hayakuzikwa na Flash. Sasa hayahitaji programu jalizi, yanajiendesha yenyewe na kula bando lako. Chrome ilianza 2018 kuzuia video zenye sauti zisijianzishe, lakini zile za kimya bado zapita, na bando zinakula vile vile. Kwenye Firefox unaweza kuzizuia zote: ingia kwenye mipangilio, tafuta ruhusa za tovuti, kisha uzuie sauti na video zisijianzishe.