Ligi ya Kubakiza na Chipukizi Wake

Ligi ya kubakiza ni shindano la besiboli ya mwigo ambamo kila meneja, msimu unapokwisha, huingia msimu unaofuata akiwa na sehemu ya kikosi chake cha zamani. Wachezaji anaoingia nao huitwa wabakizwa. Waliosalia huachwa, na meneja yeyote anaweza kuwachukua siku ya uteuzi. Ligi ikiruhusu pia kumshikilia mchezaji ambaye bado hajafika ligi kuu ya Marekani, huwa ni ligi ya kubakiza yenye chipukizi. Maneno matatu yanabeba dhana yote: mwigo, kubakiza na chipukizi. Kila moja lina jirani yake anayeweza kumpoteza msomaji.

Jirani wa mwigo ni fantasi. Wapenzi wa soka wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: mtu hupanga kikosi Ijumaa, kisha hungoja mabao ya Jumamosi yampe alama. Fantasi hutegemea mechi ambazo hazijachezwa. Mwigo huchukua takwimu za msimu uliokwisha na kuzigeuza kuwa nafasi za bahati, kisha mechi mpya kabisa huchezwa mezani au kwenye kompyuta. Mchezo wa Strat-O-Matic, ulioanzishwa na Hal Richman mwaka 1961, ndio mfano ulio rahisi kuuona kwa macho. Kila mchezaji ana kadi yake. Kadi ya mpigaji ina safu ya 1, 2 na 3. Ya mrushaji ina safu ya 4, 5 na 6. Hurushwa dadu tatu. Ile nyeupe inachagua safu, na jumla ya zile mbili nyingine inachagua mstari, kuanzia 2 hadi 12. Nyeupe ikionyesha 2, na nyingine zikaonyesha 3 na 4, wachezaji wote wawili mezani huinama kusoma mstari wa 7 katika safu ya pili ya kadi ya mpigaji. Hapo pameandikwa kama amepiga mpira ukatoka nje ya uwanja au ametolewa. Nafasi ya kuangukia mstari huo ni 1 kati ya 36. Mstari wa 12 wa safu hiyohiyo hupatikana mara 1 tu kati ya 216. Kwa kupanga matukio katika mistari ya kawaida na ya nadra, kadi humfanya mchezaji wa karatasi apige kwa kiwango kilekile alichopiga uwanjani.

Neno “mwigo” linafaa kuliko “maigizo”, ambalo tayari ni mali ya jukwaa la tamthilia. Anayerusha dadu hajifanyi mtu mwingine. Anafuata mwenendo wa kitu halisi, na huko ndiko kuiga.

Istilahi ya pili ndiyo ngumu zaidi. Jina la Kiingereza la ligi hizi limejengwa juu ya neno lilelile lililotupatia “kipa”. Anayetohoa bila kutazama ataandika “ligi ya makipa”, na kila msomaji ataona walinda mlango kumi na wawili wamejipanga golini. Njia ya utohozi imeshazibwa na soka. Zinabaki tafsiri. “Kuhifadhi” lina harufu ya makumbusho na mbuga za wanyama. Kinachohifadhiwa hakitarajiwi kutumika kesho asubuhi. “Ligi ya kubaki” inampa mchezaji uamuzi usio wake, kwa kuwa abakiye hubaki mwenyewe. “Kubakiza” limebeba kiambishi cha usababishi, kwa hiyo linamtaja mwenye kuamua. Tena lina maana ya nyumbani ambayo kamati yoyote ya istilahi ingeitamani: mama anapomwambia mtoto asimalize wali, ambakizie mdogo wake, anazungumzia sehemu inayotengwa kwa ajili ya baadaye wakati nyingine inakwenda. Meneja wa ligi hii hufanya hivyohivyo. Kurasa za michezo nazo zinalielewa, maana kila dirisha la usajili huja na habari za nani kaachwa na nani kabakizwa.

Zaidi ya hayo, besiboli yenyewe iliwahi kuwa ligi ya kubakiza kwa maana kamili. Mwaka 1879 wenye klabu za National League walikubaliana kwamba kila klabu itabakiza wachezaji watano ambao klabu nyingine haziruhusiwi kuwagusa. Idadi ikaongezwa hadi kikosi kizima kikafungwa, na mchezaji akawa hana pa kwenda isipokuwa auzwe au aachwe. Minyororo hiyo ilikatika Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru. Sheria iliyowatesa wachezaji wa damu na nyama kwa karibu miaka mia imebaki kuwa kanuni ya mchezo wa mezani, na huko haimdhulumu mtu.

Chipukizi ni mchezaji aliyesajiliwa na klabu ya ligi kuu ambaye bado analelewa katika ligi ndogo. Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu tanzu nne zinazocheza msimu mzima katika madaraja manne, jumla timu 120, mbali na zile za wanaoanza kabisa. Hapa kuna mtego kwa msomaji wa soka. Katika soka daraja la kwanza ni ngazi ambayo timu hupanda na kushuka. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi. Anayepanda ni mchezaji. Ndiyo maana “ligi ndogo” na “timu tanzu”, neno lililokopwa kutoka kwenye kampuni tanzu, yanaeleweka bila kupotosha, wakati “daraja la kwanza” lingeleta picha ya kombe na sherehe za kupanda.

Magazeti ya michezo hupenda kumwita mchezaji mdogo “kinda”. Neno hilo ni zuri, lakini linapima umri. Chipukizi hupima hatua: mche umetoka ardhini, haujazaa. Wamarekani wenyewe huuita mfumo wa timu tanzu shamba, na aliyeujenga ni Branch Rickey akiwa na St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mmea unakaa mahali pake. Mfano unaoamua shauri ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akiwa na miaka 18, akapitia ligi ndogo mwaka baada ya mwaka, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Alikuwa na miaka 27. Hakuwa kinda tena, lakini hadi siku ile alikuwa bado chipukizi.

Kuanzisha ligi ya namna hii huanza na hesabu ya ukubwa. Klabu 30 zenye wachezaji 26 kila moja zina nafasi 780. Ligi ya mameneja 12 wenye wachezaji 30 kila mmoja hutumia 360 tu, chini ya nusu, kwa hiyo kila kikosi kinajaa nyota na mchezaji wa wastani hana kazi. Mameneja 24 wakichukua 30 kila mmoja, nafasi zinakuwa 720, na hata mpigaji wa akiba anagombaniwa. Ligi ya pili inafundisha besiboli zaidi, lakini inahitaji watu 24 wasiochoka, nao ni adimu.

Kisha huamuliwa wabakizwe wangapi. Katika ligi ya 12, wakibakizwa 20 kati ya 30, wachezaji 240 wanakuwa wameshachukuliwa kabla ya siku ya uteuzi, na kila meneja anajaza nafasi 10. Namba hiyo ikipanda sana, aliyeanza vibaya atabaki mkiani miaka mingi. Ikishuka hadi watatu au wanne, hakuna atakayejali chipukizi, maana hata akikomaa hana kiti. Nusu ya kikosi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Uteuzi hufanywa kwa zamu, wa mwisho kwenye msimamo akitangulia. Kanuni hiyo ya huruma humshawishi meneja dhaifu apoteze mechi kwa makusudi. Ligi kuu yenyewe ililiona tatizo hilo, na tangu uteuzi wa mwaka 2023 nafasi sita za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu miongoni mwa timu zilizokosa mtoano. Ligi ya mezani inaweza kuiga jambo hilo kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia.

Chipukizi huwekwa kwenye orodha yao, tuseme watano kwa kila timu, wasiohesabiwa katika 30. Hapo lazima mpaka uandikwe wazi: ni lini chipukizi huacha kuwa chipukizi. Ligi kuu humhesabu mchezaji kuwa mgeni mpaka apite zamu rasmi 130 za kupiga au raundi 50 za kurusha, au siku 45 kwenye kikosi. Kwa mwigo vigezo viwili vya kwanza vinatosha, kwa kuwa vinasomeka moja kwa moja katika takwimu. Siku za kikosini hazimo kwenye kadi yoyote.

Ugumu wa mwigo unaonekana hasa hapa. Kadi hutengenezwa kutokana na msimu uliokwisha, hivyo mchezaji anaweza kung'ara leo uwanjani huku mezani hayupo. Albert Pujols aliteuliwa katika raundi ya 13 mwaka 1999 na kuingia ligi kuu mwaka 2001, akapiga mipira 37 nje ya uwanja na kutajwa mgeni bora wa National League. Meneja aliyekuwa naye kwenye orodha ya chipukizi mwaka huo aliutazama utajiri wake msimu mzima bila kuugusa, mpaka kadi za 2001 zilipochapishwa. Michezo ya kompyuta kama Out of the Park Baseball, iliyotoka kwanza mwaka 1999, huepuka pengo hili kwa kuendesha ligi ndogo zake na kuwakuza chipukizi wa kubuni.

Asiye na kadi si lazima awe chipukizi. Shohei Ohtani hakurusha mpira hata mmoja katika msimu wa 2024 kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, ingawa alipiga 54 nje ya uwanja. Takwimu za mwaka huo hazina cha kumjengea kadi ya mrushaji. Kanuni inapaswa kusema kwamba mkongwe wa aina hiyo hukaa kwenye kikosi cha kawaida na kula nafasi, wala haingii kwenye orodha ya chipukizi. Bila hivyo orodha hiyo hugeuka wodi ya majeruhi.

Mwisho ni muda wa kungoja. Ligi nyingine humwachia meneja amshike chipukizi mpaka apate kadi, hata ikichukua muongo. Nyingine huweka ukomo wa miaka, na ukifika, chipukizi hurudi kwenye uteuzi. Ukomo ni bora, kwa sababu orodha iliyoganda inawanyima mameneja wapya nafasi ya kujenga. Una gharama yake. Ligi yenye ukomo wa miaka mitano iliyompokea Ngoepe mwaka 2008 ingemwacha mwaka 2013, miaka minne kabla hajasimama mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs na kupata pigo safi katika zamu yake ya kwanza kabisa.