Kigezo

Matangazo ya redio yametuzoesha “vigezo na masharti kuzingatiwa”, hata tumesahau kwamba kigezo ni kitu cha kushikwa mkononi. Neno limetokana na kugeza: kuiga, kufuatisha kipimo. Fundi wa boti ndogo za mashindano, zile zinazoongozwa kwa rimoti, huanza na bodi ya balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao mita moja ya ujazo, ukikauka, ina takriban kilo 160 tu. Maji yana kilo 1,000. Huishusha majini, akatazama kama omo inazama au boti inapepesuka kwenye kona, akapiga msasa, akajaribu tena. Umbo likikubali, ndipo huitumia bodi hiyo kutengenezea kalibu ya fibaglasi. Bodi hiyo ya kwanza tusiiite sampuli. Ni kigezo.