Sauti Isiyo na Msemaji: Historia ya Amri za Kuonyesha Maandishi katika Mchezo wa Minecraft

Anayeingia mji wa Nyeri kwa kupitia Gatitu hulakiwa na maandishi kabla hajalakiwa na watu. Pana mabango ya shule na ya makanisa, majina ya maduka yaliyopakwa rangi juu ya milango, na semi zilizobandikwa kwenye vioo vya matatu. Maandishi hayo yote yana sifa ambayo msomaji aghalabu haitilii maanani kwa kuwa ameizoea: yana mahali pake, na yana mwenyewe. Bango likisema uongo, yupo wa kuulizwa. Makala haya yanachunguza maandishi ya aina nyingine, yale yanayozuka kwenye skrini ya mchezo wa kompyuta kwa amri ya mtu asiyeonekana, yakadumu sekunde chache, kisha yakafifia. Inadaiwa hapa kwamba historia ya amri hizo ni historia ya kutenganishwa kwa sauti na msemaji wake, na kwamba nadharia ya fasihi simulizi, hususan ile inayohusu sanaa za kujibizana, inaieleza historia hiyo vizuri zaidi kuliko nadharia ya riwaya.

Mchezo unaohusika ni Minecraft, uliobuniwa na Markus Persson wa Sweden. Ulitolewa hadharani kwa mara ya kwanza Mei 2009 na kukamilishwa rasmi Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni yake, Mojang, ilinunuliwa na Microsoft kwa dola za Marekani bilioni 2.5. Mchezaji huachwa katika ulimwengu wa matofali, achimbe, ajenge au abomoe atakavyo. Haambiwi aende wapi wala kwa nini. Kwa istilahi za uhakiki, ni kazi yenye mandhari lakini isiyo na msimulizi. Maandishi pekee yenye sura ya fasihi yaliyowekwa na waundaji wake ni yale yanayopita kwenye skrini mchezaji anapomaliza safari yake, yaliyotungwa na Julian Gough mwaka 2011, ambaye mnamo Desemba 2022 aliyatangaza kuwa mali ya umma. Hata humo, nafsi mbili zisizo na majina humzungumzia mchezaji, na jina la mchezaji mwenyewe huchomekwa katika mazungumzo yao. Dalili ya yaliyokuwa yakijengeka katika amri za mchezo ilikuwa imekwisha kuonekana.

Kutoka kwa mnenaji hadi kwa tofali

Asili ya amri hizi ni ya zamani kuliko Minecraft. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle waliunda MUD, ulimwengu wa mchezo uliofanywa kwa maneno matupu: mlango ulikuwa neno, na upanga ulikuwa neno. Mchezaji aliyetaka kusema aliandika amri ya kusema, na wenziwe waliokuwa katika chumba hicho wakasoma maneno yake pamoja na jina lake. Mwaka 1989 mchezo wa TinyMUD uliwapa wachezaji wenyewe uwezo wa kujenga vyumba na kuvieleza. Huo ndio ukoo wa michezo huria ya ujenzi, na katika ukoo huo kusema kulikuwa tendo la mtu aliyepo.

Minecraft ulirithi kanuni hiyo. Amri ya "say" huwatangazia wote, na hutanguliza jina la msemaji ndani ya mabano. Amri ya "tell" hunong'ona kwa mmoja, naye huonyeshwa ni nani aliyemnong'oneza. Ya "me" inavutia zaidi kwa mwanafasihi: mchezaji huandika tendo lake, na jina lake hutangulizwa kana kwamba msimulizi wa nje ndiye anayeeleza. Mtu hujisimulia katika nafsi ya tatu bila kujificha. Kando ya amri hizo palikuwa na kibao, kilichoongezwa mwaka 2010: mistari minne, na katika matoleo ya mwanzo herufi 15 tu kwa kila mstari. Neno moja la Kiswahili kama "hawajatufahamisha" lina herufi 17, na haliingii katika mstari mmoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 2012 lilipoingizwa tofali la amri, yaani tofali linaloweza kutekeleza amri lenyewe mchezaji anapokanyaga mahali fulani au anapofungua mlango. Tofali hilo likitumia "say", mabano ya jina hubaki, lakini ndani yake pana alama ya @ tu. Nafasi ya msemaji ipo, msemaji hayupo. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2013, ilikuja "tellraw", ambayo iliyaondoa hata mabano. Maneno huwafikia wasomaji yakiwa na rangi na mtindo aupendao mtunzi, bila ishara yoyote ya yalikotoka. Septemba 2014 ikafuata "title", inayoyaweka maneno katikati ya skrini kwa herufi kubwa. Mtunzi asipotaja muda, maneno hujitokeza kwa mapigo 10 ya saa ya mchezo, hudumu mapigo 70 na kufifia kwa mapigo 20. Mapigo 20 ni sekunde moja. Hivyo tangazo zima huishi sekunde tano.

Kwa muda wa miaka miwili hivi, basi, sauti ilitoka kwa mtu mwenye jina, ikapita katika alama tupu, ikafika mahali ambapo haina chanzo chochote. Itajibiwa kuwa huyo ndiye msimulizi maizi tunayemjua katika riwaya. Hoja hiyo haitoshi. Msomaji wa riwaya hukifunga kitabu atakapo, tena jina la mtunzi liko kwenye jalada. Mchezaji anayetangaziwa kwa "title" yumo ndani ya ulimwengu uleule unaotangaziwa, pengine pamoja na wachezaji wengine, na mmoja wao ndiye aliyeandika. Fanani yumo katika hadhira yake, amevaa kinyago.

Kibuyu na jibu

Ili kuona kilichopotea, inafaa kutazama mchezo mwingine wa maandishi, uliokuwepo katika nchi ya Wagikuyu kabla ya vitabu. Gicaandi ni kibuyu chenye mbegu ndani, kinachotikiswa kama kayamba, na juu ya ganda lake huchorwa alama. Ni jina pia la utungo unaoimbwa kwa kukifuata kibuyu hicho. Waimbaji wawili hupokezana beti zenye mafumbo. Mmoja hufumba, mwenziwe hufumbua na kufumba tena, na mshindi huweza kumnyang'anya mshinde kibuyu chake. Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha matini zake mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mchezaji wa gicaandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ ya mwaka 1980. Na Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu ushairi kama majadiliano, aliiweka gicaandi sambamba na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili.

Jambo la kuzingatia katika gicaandi ni kwamba alama iliyo wazi juu ya ganda haijitoshelezi. Humkumbusha mwimbaji ubeti, lakini ubeti haukamiliki mpaka mpinzani aujibu. Maandishi yamewekwa ili yavute jibu, na anayeyaonyesha huhatarisha kitu, kwa sababu anaweza kushindwa na kukipoteza.

Amri za Minecraft nazo zina njia ya kujibiwa, lakini ni nyembamba mno. Mchezaji anaweza kuandika chochote katika uwanja wa gumzo. Hata hivyo amri za mchezo haziwezi kuyasoma maneno hayo, na tofali la amri huendelea na kazi yake kana kwamba hapana aliyesema. Maneno ya "tellraw" yanaweza kufanywa yabonyezwe, na tangu 2014 ipo amri ya "trigger" inayomruhusu mchezaji wa kawaida kuujulisha mfumo uamuzi wake. Jibu lake ni namba. Tena msimamizi lazima amfungulie mlango huo kwanza, na ukishatumiwa mara moja hujifunga hadi ufunguliwe upya. Hadhira inayojibu kwa namba, kwa zamu iliyopangwa na fanani, iko mbali sana na yule mwimbaji wa pili mwenye kibuyu mkononi.

Kiswahili ndani ya amri

Suala la lugha halina budi kuguswa. Amri zenyewe ni za Kiingereza, lakini maneno yanayoonyeshwa ni ya mtunzi, na mwanafunzi wa Gatitu anaweza kuyaandika kwa Kiswahili bila kikwazo cha herufi. Kikwazo kiko katika upatanisho wa kisarufi. Mtunzi huandika sentensi yenye nafasi tupu, na kiteuzi huijaza: @p huleta jina la mchezaji aliye karibu zaidi, @a huleta majina ya wote. Kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakibagui mume na mke, kwa hiyo "ameingia sokoni" humfaa yeyote, jambo ambalo Mfaransa hulihangaikia. Lakini kiteuzi kikileta majina matatu yaliyotenganishwa kwa mkato, "ameingia" huharibika papo hapo. Hali huwa ngumu zaidi kwa idadi: nafasi iliyoachiwa hesabu ikijazwa 1, mti umebaki, ikijazwa 3, miti imebaki, na badiliko hilo hupitia sentensi nzima.

Watunzi huweza kuandaa sentensi mbili na kuziwekea masharti. Walio wengi yamkini watakimbilia "Miti iliyobaki: 3", ambayo ni lugha ya fomu ya ofisini. Hapo mashine huwa imechagua rejista kwa niaba ya mtunzi, na mhakiki atakayeisifu sentensi hiyo kwa ufupi wake atakuwa amekisifu kikwazo. Kuna pia kijenzi cha tafsiri, ambacho humpa kila mchezaji maneno kwa lugha aliyoichagua, mradi mtunzi ameambatisha faili la lugha hiyo. Wachezaji wawili walio mbele ya mlango mmoja husoma matini mbili, na hakuna iliyo ya asili.

Nani anaruhusiwa kusema

Amri za "say", "tellraw" na "title" hazimo mikononi mwa kila mchezaji. Katika seva hutolewa kwa wasimamizi. Kujenga ni haki ya wengi, kutangaza ni haki ya wachache. Tofauti hii inaonekana vizuri katika mradi wa Block by Block, ulioanzishwa mwaka 2012 na Mojang pamoja na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi. Miongoni mwa mifano ya mwanzo ya mradi huo ni uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Utaratibu wake huwaweka wakazi kwenye kompyuta, kwa kawaida wawili hadi wanne kwa mashine moja, wajenge wanachotaka mtaani mwao, kisha wasimame wakieleze kwa mdomo mbele ya wataalamu na maafisa. Maneno huachwa kinywani mwa watu. Kilichojengwa kinaonyeshwa na aliyekijenga, naye huulizwa maswali na kuyajibu. Lau maelezo yangeandikwa kwa "title" juu ya kila benchi, afisa angeyasoma kwa sekunde tano, na asingekuwapo wa kubishana naye.

Mwaka 2023 waundaji walirudisha maandishi katika mahali. Toleo la Machi mwaka huo liliingiza maandishi yanayoelea hewani, yenye nafasi yake maalumu katika ulimwengu, ambayo mtunzi akitaka yatageuka daima kumwelekea yeyote anayeyatazama. Jina la aliyeyaweka bado halionyeshwi, na ni amri tu inayoweza kuyaweka. Toleo la Juni lilibadilisha kile kibao cha mwaka 2010, jambo lililoonekana dogo. Tangu hapo kinaandikika pande zote mbili, na mchezaji yeyote anaweza kuyarekebisha maneno yaliyokwisha kuandikwa, isipokuwa kibao kimefungwa kwa sega la nyuki. Kwa hilo hahitajiki msimamizi. Anayekuta fumbo upande wa mbele anaweza kuzunguka na kulijibu nyuma yake.