Umekuja na Nani?

Swali la kwanza ambalo mwanamke huulizwa uwanjani si "mna pointi ngapi?" Ni "umekuja na nani?" Ukijibu kwamba umekuja peke yako, linafuata la pili: haya basi, tuambie ofsaidi ni nini. Jamaa aliyeketi kando yako, ambaye nusu saa nzima amemtukana refa juu ya ofsaidi ambayo haikuwa ofsaidi, hajawahi kufanyishwa mtihani huo tangu azaliwe.

Nimekulia Sironga, Nyamira. Timu yangu ni Shabana, na maswali hayo nimeyasikia Kisii na Nairobi, kwa Kiswahili, kwa Ekegusii na kwa Sheng. Wengi huyachukulia kama utani. Mimi nayachukulia kama maswali ya historia. Nani aliamua kwamba jukwaa ni la wanaume? Lini?

Jibu la mtaani ni jepesi: wanaume wanapenda mpira, wanawake hawapendi, maneno yaishe. Lakini tarehe hazikubali. Desemba 26, 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, watu kama 53,000 walilipa kuona timu mbili za wanawake, Dick, Kerr Ladies na St Helens. Timu nyingi za wanaume wa wakati ule zingetamani umati huo. Mwaka haujaisha vizuri, Desemba 5, 1921, chama cha soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake, kikisema mchezo huu hauwafai. Marufuku hiyo ilikaa karibu miaka 50. Kwa hivyo kuna kipindi mlango ulikuwa wazi na watu wakaingia, halafu mtu akaufunga kwa ufunguo.

Na ni miaka ileile ambapo mpira ulikuwa unaenea kwetu kupitia wamishonari, askari na maofisa wa mkoloni. Hakuna aliyehitaji kuwakataza bibi zetu kwa barua, kwa sababu mchezo wenyewe ulifika ukiwa umeshapewa jinsia. Gusii ilipata misheni zake kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakatoliki Nyabururu na Wasabato Nyanchwa. Shule zilizofuata zilikuwa kwanza za wavulana, na mpira ulikuwa sehemu ya kumfanya mvulana awe na nidhamu, mwili na saa. Msichana alifundishwa kushona. (Yeye pia ana miguu, lakini hilo halikuwa kwenye silabasi.)

Halafu kuna mji. Hapa ndipo naona mizizi yenyewe. Nairobi ya mkoloni ilijengwa kwa ajili ya mwanaume anayekuja kufanya kazi bila familia. Kipande kilichoning'inizwa shingoni kilikuwa cha mwanaume, na nyumba nyingi za Waafrika zilikuwa za kitanda kimoja, za mtu anayehesabiwa kama kapera hata kama ana mke na watoto sita nyumbani. Mwanaume kama huyo Jumapili mchana angeenda wapi? Kanisani, kilabuni, au mpirani. Wanaume wa Gusii wengine hawakufika hata Nairobi. Waliishia hapo Kericho kwenye mashamba ya chai ya Wazungu, lakini mpango ulikuwa uleule, mwanaume kwenye ajira na mke kwenye shamba la nyumbani.

Ndiyo maana ligi ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, Nakuru All-Stars wakawa mabingwa wa kwanza, mashabiki walikuwa tayari wana sura fulani. Klabu kubwa zilizofuata, Abaluhya mwaka 1964 na Gor Mahia mwaka 1968, zilikuwa pia mahali pa watu wa nyumbani kukutana mjini: unauliza habari za kijiji, unachangia matanga, unatafutiwa kazi. Waliokuwa mjini wengi ni wanaume, basi waliokuwa jukwaani wengi ni wanaume. Jukwaa lilikuwa picha ya mji wenyewe, na nani alipenda mpira kuliko nani ilikuwa hadithi nyingine kabisa.

Kwetu Nyamira hadithi ina jani la chai ndani yake. KTDA iliundwa mwaka 1964 na wakulima wadogo wakazidi kupanda chai kwenye vilima vyetu. Leo una viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo. Nenda shambani asubuhi uone nani ana kikapu mgongoni. Mara nyingi ni mama. Halafu uliza namba ya mkulima imesajiliwa kwa jina la nani. Mara nyingi ni la baba. Bonasi ikitoka, pesa za kwenda Kisii mjini, za tiketi, za soda na za kingine zaidi ya soda, ziko kwenye mfuko mmoja. Ukitaka kujua kwa nini mama zetu hawakujazana uwanjani, anza na namba hiyo kabla hujaanza na mapenzi.

Shabana ilianzishwa mwaka 1980, na ghafla Gusii ikawa na timu yake ya kubishania. Henry Motego alifunga mabao hadi jina lake likafika Harambee Stars. Wanaume walikuwa wakishuka Kisii kwa matatu, na kwa miguu pia, kwenda uwanja wa Gusii. Wanawake walibaki na redio.

Tusipite haraka kwenye redio, kwa sababu naamini ndipo shabiki wa kike wa Kenya alipozaliwa. Sauti ya Kenya ilitangaza mpira kwa Kiswahili, na watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela waliutangaza kana kwamba msikilizaji ana macho masikioni. Redio haikuuliza umekuja na nani. Ilikuwa kwenye rafu ya jikoni au imening'inizwa kwenye mti karibu na mahali mahindi yanapopukuchuliwa, na mama aliyekuwa akichambua mboga alijua nani yuko winga ya kushoto. Mwaka 1987, Gor Mahia walipotoka 2-2 na Espérance kule Tunis kisha 1-1 Nairobi na kuchukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, nchi nzima ililazimika kuelewa hesabu hiyo ya bao la ugenini. Mama yangu anaieleza mpaka leo, bila kikaratasi, na hajawahi kukanyaga uwanja wowote isipokuwa wa mkutano wa chifu. Ni shabiki au si shabiki? Kwenye hesabu ya mlangoni hayumo.

Na kuna wengine waliokuwa ndani ya uwanja kabisa na bado hawakuhesabiwa. Namzungumzia mama wa njugu. Mama wa mayai ya kuchemsha na kachumbari, mama wa ndizi, mama wa miwa iliyokatwa vipande na kutiwa kwenye karatasi. Wamekuwa pale mechi baada ya mechi, kwenye jua na kwenye ile mvua ya Kisii ya saa tisa ambayo haijawahi kukosa miadi. Wanajua mchezaji gani ana goti bovu. Wanajua timu ikifungwa mapema njugu hazinunuliki, kwa hivyo wanaomba bao kwa moyo wote, wakiwa na sababu mbili ambapo sisi tuna moja. Siku mmoja alinirudishia chenji huku anasema, bila kugeuka, "Huyo kocha akimtoa namba sita, tumekwisha." Akamtoa. Tukaisha. Wakati watu wanasema wanawake wameanza kuja uwanjani siku hizi, nashangaa hao wamama walikuwa wapi kwenye macho yao miaka yote hiyo. Nadhani walionekana kama sehemu ya ukuta.

Kanisa pia lina mkono wake. Gusii ina Wasabato wengi sana, na Jumamosi si ya mchezo. Hilo liliwabana wavulana na wasichana, lakini tuseme ukweli, halikuwabana sawa. Kijana wa kiume akikosekana kwenye ibada ya mchana, watu husema ni ujana. Msichana akionekana akitoka kibanda cha video Jumamosi, mzee wa kanisa anajua kabla jua halijazama. Ligi ya Uingereza ilipoingia vijijini kwa dishi, wasichana tuliobaki waaminifu kwa Sabato na kwa Arsenal kwa pamoja tulijifunza kupenda mechi ya jioni, ile inayoanza giza likishaingia na Sabato ikishaisha. Tatizo ni kwamba giza lina sheria zake. Kibanda kimejaa, mlango ni mmoja, stima inapotea dakika ya sabini, na mikono mingine haina adabu gizani. Nimeona wasichana wakipanga kukaa karibu na mlango kama watu wanaopanga mabeki. Kukaa kwa mpango huo huku unafuatilia mechi ni kazi, na hakuna mwanaume pale ndani aliyekuwa akifanya kazi mbili.

Uwanjani hatari ni nyingine, na hiyo haichagui. Oktoba 23, 2010, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards pale Nyayo, watu saba walikufa kwa kukanyagana mlangoni. Tangu hapo, msichana wa Kenya akiomba ruhusa ya kwenda mpirani, mzazi ana jibu lililokamilika. Wavulana nao waliambiwa "jichunge." Wasichana waliambiwa "hapana." Kifo kilekile, majibu mawili.

Shabana yenyewe ilishuka daraja mwaka 2006. Mwaka huohuo majirani zetu SoNy Sugar wa Awendo wakachukua ubingwa, jambo ambalo shabiki wa Shabana halizungumzii mezani. Miaka 17 timu ikahangaika madaraja ya chini mpaka ikarudi ligi kuu mwaka 2023. Na hapa kuna kitu nimekitazama kwa makini. Waliorudi uwanjani si wale waliotoka mwaka 2006. Kizazi cha sasa cha wasichana kimesoma shule za bweni, Sironga Girls ikiwa mojawapo ya hizo za kwetu. Kinalipa kwa simu, kina mshahara au biashara ndogo ya kwake, kinakubaliana kwenye WhatsApp wanakutana wapi. Wanakuja watano, sita, jezi zimevaliwa, na hapo lile swali la "umekuja na nani" linakosa mahali pa kushika. Kwenye CHAN ya Agosti 2025 niliona vikundi kama hivyo Kasarani. Tiketi ziliuzwa mtandaoni, na hilo peke yake linapunguza purukushani ya mlangoni, ingawa hata hapo wasio na tiketi walivamia milango siku ya Morocco na CAF ikapunguza idadi ya watu wa kuruhusiwa. Ryan Ogam alifunga, tukashinda 1-0, na dada mmoja nisiyemjua alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

Wenzetu Tanzania wako mbele kidogo. Simba ilimpa Barbara Gonzalez ukurugenzi mtendaji mwaka 2020, na mashabiki wa kike wa Simba na Yanga wanabishana redioni bila kuombwa cheti. Na kuna waliolipa bei ambayo sisi hatujaijua. Iran iliwafungia wanawake viwanja vya mpira kwa karibu miaka 40. Mwaka 2019 Sahar Khodayari, shabiki wa Esteghlal aliyekamatwa kwa kuingia uwanjani akiwa amevaa kama mwanaume, alijichoma moto baada ya kusikia kwamba huenda akafungwa, akafariki. Mwezi uliofuata, Oktoba 10, wanawake wa Iran waliruhusiwa kununua tiketi za Azadi, kwenye sehemu yao wenyewe, timu yao ikaifunga Cambodia 14-0. Mabao 14. Nani anakumbuka hata moja?

Kwetu hakuna sheria ya kukuzuia, na hiyo ndiyo shida ya kuipinga: huna karatasi ya kuchana. Una saa. Mechi ya Gusii ikianza saa tisa, nafika Sironga jua bado lipo. Ikianza saa kumi, na refa akaongeza dakika zake, na matatu ikangoja ijae kwanza, nashukia stendi gizani na boda ninayemjua labda ameshaenda. Ndiyo maana wasichana wengi wa Nyamira huinuka dakika ya 80. Wanaume husema mnaona, hawana uvumilivu. Sisi tunatoka tukiwa tumegeuza shingo nyuma, na kelele ya bao mara nyingi hutukuta barabarani, tunasimama, tunahesabu ni kelele ya upande gani. Msimu huu wa mvua nimeanza kupiga simu mapema kwa boda, namwambia anisubiri mpaka saa mbili, namlipa nusu kabla. Inanigharimu kuliko tiketi yenyewe.