Sabrina Simader: Binti wa Kilifi aliyeibebea Kenya bendera penye theluji

Mkazi wa Taveta hahitaji kusimuliwa habari za theluji. Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kilimanjaro, huiona akiwa njiani kwenda sokoni. Hata hivyo, ni wachache katika eneo hili, kuanzia Voi hadi mpakani, waliowahi kuishika kwa mikono yao.

Mnamo Mei 11, 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, akivuka nyika kutoka Taita kuelekea Uchagani, aliuona weupe huo kileleni. Kiongozi wake wa njia aliutaja kwa neno moja tu: "baridi". Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, wasomi wa Ulaya, wakiongozwa na Mwingereza William Desborough Cooley, walimbishia kwa miaka mingi. Waliamini kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Miaka 170 baadaye binti wa pwani hiyo hiyo alikabiliwa na swali lililofanana na hilo, ila sasa lilikuwa limepinduliwa: Mkenya anatafuta nini penye theluji?

Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, mkoa mmoja na Taita Taveta. Akiwa na umri wa miaka mitatu alihamia Austria pamoja na mamake. Babake wa kambo, raia wa Austria, alikuwa na mtambo wa kuwapandisha watelezaji mlimani, na ndiye aliyemfunza mtoto huyo kusimama juu ya mbao za kutelezea. Austria ni nchi ambayo watoto hutelezeshwa kwenye theluji kama wa kwetu wanavyopewa mpira wa matambara. Mzee huyo alifariki Sabrina akiwa bado msichana mdogo. Binti hakuuacha mchezo.

Februari 2016, akiwa na umri wa miaka 17, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya majira ya baridi mjini Lillehammer, Norway. Mwaka uliofuata alishiriki mashindano ya dunia ya St. Moritz, Uswisi. Kisha, Februari 9, 2018, aliingia uwanjani PyeongChang, Korea Kusini, akiwa ameshika bendera ya Kenya. Alikuwa mwanamichezo pekee wa taifa hili huko, na mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Shindano lake kuu lilikuwa Super-G. Mchezaji huteremka mlima mara moja tu, akipita katikati ya milango iliyopangwa kwa miti, kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Haruhusiwi kufanya jaribio kwenye njia hiyo kabla ya shindano. Asubuhi ya siku yenyewe huikagua polepole, akikariri kila kona, kisha hurudi juu kungoja zamu yake. Akikosa mlango mmoja, ameondolewa. Simader alifika chini salama na kushika nafasi ya 38. Alishiriki pia slalomu kubwa, ambayo njia yake ina milango iliyokaribiana zaidi na huteremkwa mara mbili, muda ukijumlishwa.

Wapo waliosoma nambari hiyo ya 38 wakatabasamu. Nchi iliyozoea kuhesabu medali za mbio ndefu ina haki ya kutabasamu, lakini heri ijue kwanza imehesabu nini. Dhahabu ya Super-G siku hiyo ilikwenda kwa Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech, aliyemshinda Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kipimo kama hicho, nafasi ya 38 si ya mtu aliyekuja kutalii.

Tena, mlango wa kuingilia haukuwa wazi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo humpa kila mchezaji alama, na kinyume cha mitihani ya shule, bora ni aliye na alama chache. Kwa michezo ya 2018, aliyetaka kushiriki Super-G alitakiwa kuwa na alama zisizozidi 80. Kwa slalomu kubwa kiwango kilikuwa 140. Alama hizo hutafutwa kwa kuzunguka kutoka mlima hadi mlima msimu mzima, na nauli, mbao, makocha na hoteli vyote hulipiwa. Taifa lenye desturi ya mchezo huo lina shirikisho tajiri la kubeba mzigo. Mchezaji wa taifa lisilo na mteremko hata mmoja wa theluji huutegemea mfuko wa familia na wafadhili wachache.

Wengine wamehoji iwapo aliyelelewa Ulaya ni Mkenya wa kutosha. Swali hilo ni la kuchosha. Ni kweli kwamba Austria ina wachezaji wengi hodari na kila nchi huruhusiwa kuingiza wanne tu katika shindano moja, hivyo njia ya kupitia Kenya ilikuwa na nafasi zaidi. Lakini nafasi hiyo haikuchukuliwa kwa Mkenya mwingine yeyote. Ilikuwa tupu.

Kabla yake alikuwapo Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji ya tambarare. Katika michezo ya Nagano mwaka 1998 alimaliza wa mwisho kilomita 10, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja kwenye utepe akamkumbatia. Boit alirudi tena 2002 na 2006. Baada yake, Kenya haikuonekana katika michezo ya 2010 wala 2014.

Huko Beijing mwaka 2022 Kenya haikuwa na mchezaji hata mmoja. Shannon Abeda wa Eritrea na Mialitiana Clerc wa Madagascar, waliokuwa pamoja na Simader huko PyeongChang, walirejea mlimani. Nao pia walijifunzia mchezo huo ughaibuni, mmoja Canada na mwingine Ufaransa.