Chumba Kabla ya Mtambo

Ardhi ya Qalhat, pwani ya Oman, ni mwamba, na mwamba hauipokei fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini. Mwaka 2009 tulipigilia fimbo ya shaba ya futi nane nje ya chumba kidogo cha mtandao. Ikaingia kiasi cha dhiraa moja, ikapinda. Swichi zilishafika, zimo ndani ya maboksi yao, jua la Julai linawaka, na mwenye kazi anapiga simu kila saa. Kijana mmoja akaniambia, "Ami, tuifunge kwenye bomba la maji, yaishe." Nikamwambia, "Mwanangu, siku radi ikipiga, utakuja wewe kulijibia hilo bomba?" Tukachimba mfereji wa hatua arubaini mpaka kwenye mchanga wa wadi, ule mto mkavu, tukalaza utepe wa shaba, tukaufukia kwa udongo wa bentonaiti na kuulowesha. Mita ikasoma omu 4. Hapo ndipo nilipoacha maboksi yafunguliwe.

Kazi hii nilifunzwa Unguja, na mzee aliyefanya kazi katika jumba la waya wa telegrafu Shangani. Waya wenyewe ulifika mwaka 1879, chini ya bahari kutoka Aden, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliipa kampuni ya waya huo kisiwa cha Bawe kiwe kituo chake. Watu huzungumzia ule waya; mzee wangu alizungumzia chumba. Alisema unyevu wa pwani huanza kula shaba siku ile ile uliyoifunga, na kwamba fundi anayekuja na mtambo kabla ya kutazama paa, sakafu na njia ya waya amekuja kubahatisha. Nilipohamia Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kuwaita watu warudi kujenga nchi, sikubeba kitu kizito kuliko maneno hayo.

Kutoka chumba kile cha Qalhat unaliona kaburi la Bibi Maryam, na karibu yake birika la kale la maji. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alishuka Sur akaja Qalhat kwa miguu, viatu vikimbana hata damu ikakaribia kumtoka kwenye kucha. Aliukuta mji wa wafanyabiashara wanaoishi kwa Bahari ya Hindi, na msikiti aliojenga Bibi Maryam, wenye vigae vya kung'aa. Kwangu mimi, ustadi wa mji huu umo katika lile birika. Mvua hapa ni ya kubahatika, na ikija haikupi nafasi ya kukoroga chokaa. Aliyelijenga alimaliza kazi yake wingu halijaonekana.

Sisi tulijifunza hayo kwa hasara. Kimbunga Gonu kilipopiga Ras al Hadd, Juni 2007, chumba kimoja nilichokijua kilijaa tope hadi kiunoni, na mlango wake ulikuwa umefungwa vizuri. Maji hayakupita mlangoni. Yaliingia kwenye shimo la nyaya barabarani, yakafuata bomba ambalo hakuna aliyeliziba, yakatokea chini ya kabati. Tangu hapo sikukubali bomba liingie chumbani bila kuinamishwa kuelekea nje, wala tundu libaki wazi hata kwa usiku mmoja. Kiyoyozi nacho hakikai juu ya kabati, kwa sababu kinadondosha maji. Lebo huenda ncha zote mbili za waya.

Kila nilipolaza mabomba nililaza moja la ziada, tupu, na ndani yake nikapitisha kamba ya nailoni, nikaifunga kijiti kila upande. Wahasibu walinung'unikia bei ya bomba lisilo na kazi. Miaka sita baada ya kazi ya Qalhat nilirudi kwenye chumba kile, nikawakuta vijana nisiowajua wanaingiza faiba. Mmoja alikuwa anakivua kijiti changu, mwenzake upande wa pili keshaanza kuvuta.